Jino la Chiriku

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikufikie wewe na wifi yangu mkiwa wazima, na ikikukuta umetoka zamu na njaa yako, iweke kando kwanza, kula, nawa, ndipo uifungue tena. Vipi mgongo? Vipi kifua cha wifi, kikohozi kile kimemwacha au bado kinamganda? Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, anakula vizuri na bado anabishana na redio kana kwamba msomaji wa habari anamsikia. Mimi sijambo ila magoti, na magoti yangu unayajua, ni ya kurithi. Mwanao Chiriku naye hajambo. Nimemweka mwisho makusudi, kwa sababu habari yenyewe ni yeye.

Kwenye simu nilikwambia mtoto ameanguka uani akaumia mdomo, amepelekwa kwa daktari na anaendelea vizuri. Sikukudanganya, ila nilikukatia habari katikati. Simu ya humu ndani inapigwa Baba akiwa kwenye kiti chake hapo hapo, na wewe ukiongea sauti yako inafika mpaka kwa fundi cherehani wa jirani. Yapo mambo ambayo siwezi kuyasema hapo. Na kwa kuwa umesema ukija likizo utampeleka mtoto kwa daktari wewe mwenyewe, nimeona heri ufike ukijua kila kitu. Nakufahamu, kaka. Wewe ukikuta jambo geni unauliza kwanza kwa sauti, kufikiri kunafuata baadaye.

Basi ilikuwa siku ya kufua mashuka ya hoteli. Unakumbuka ua wetu unavyokuwa siku hiyo, kamba zote zimejaa, kila upande mashuka yananing'inia mpaka karibu na chini, mtu hamwoni mwenzake. Mimi nilikuwa chumba cha pasi. Baba alikuwa nje anahesabu vibanio, kazi ambayo hakuna aliyempa. Chiriku alirudi kutoka shule mbio mbio, akaingia katikati ya mashuka akimwita babu yake. Alikuwa na habari motomoto kwamba mwalimu wa bendi amemchagua kupiga tarumbeta peke yake siku ya kufunga shule. Babu aliitikia kutoka upande wa pili, na mtoto akakata njia ya mkato kuelekea ile sauti. Nyuma ya shuka la mwisho kulikuwa na nguzo ya chuma inayoshika kamba. Walikutana uso kwa uso.

Nilisikia mlio, halafu kimya. Huyu mtoto hatukumwita Chiriku bure, tangu ajue kuongea hajawahi kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, kwa hiyo ule ukimya ndio ulionitoa pasini roho mkononi. Nilimkuta amekaa chini, damu imeshuka kifuani, na shuka la hoteli lina alama ya mdomo wake. Alipofungua mdomo nikaona pengo. Jino la mbele la juu, lile la kulia, halikuwepo kabisa, lilikuwa limetoka na mzizi wake. La jirani lilikuwa limemeguka pembe. Na hayo si meno ya utoto, kaka. Ya utoto yalishatoka zamani tukayacheka wote. Haya ni yale ambayo mtu hupewa mara moja tu akaambiwa azeeke nayo.

Mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye damu. Nilimjaza mtoto taulo safi mdomoni, nikasema twende. Baba akasema hakuna mtu anayetoka humu mpaka jino lipatikane. Unaijua sheria yake ya vifungo. Kifungo kikidondoka kwenye nguo ya mteja, hata kama ni shati la kutupwa, kazi yote inasimama mpaka kionekane na kishonwe mahali pake. Sisi wawili tumelia utotoni tukipekua maji machafu kwa sababu ya kifungo cha mtu ambaye hata hakukumbuka kama alikuwa nacho. Sasa Baba alikuwa amepiga magoti kwenye ule mfereji unaopitisha maji ya kusuuzia, macho yale unayajua yamefika wapi, anapapasa tope kwa vidole. Nilimfokea. Nilimwambia jino si kifungo, mtoto anatoka damu na yeye anachezea matope. Aliendelea kupapasa.

Nikatoka barabarani kutafuta teksi. Fundi cherehani aliniona ninavyohangaika, akaacha nguo ya watu kwenye mashine akaja kusimamisha magari pamoja nami, akiwa na mita yake shingoni. Tulipopata gari nikarudi ndani. Mtoto alikuwa kwenye kigoda, taulo mdomoni, macho makavu. Baba alikuwa amesimama karibu naye ameshika hanchifu iliyokunjwa, amevaa lile koti lake la shughuli rasmi. Akasema jino analo. Sikuuliza zaidi. Tukaingia garini wote watatu, ingawa hakuna aliyemwambia Baba aje.

Daktari wa meno yuko ghorofani, juu ya duka la rangi, unapanda ngazi nyembamba yenye harufu ya tina ya kuchanganyia rangi. Nilitegemea kuambiwa tusubiri foleni. Yule mama alitoka mwenyewe mlangoni, mfupi, hafiki hata begani kwangu, miwani imesukumwa juu ya kitambaa cha kichwa. Hakuuliza jina, hakuuliza nani atalipa. Aliuliza jino liko wapi. Baba akampa hanchifu kwa mikono miwili. Akaikunjua pale pale, akalishika jino kwa ile sehemu inayoonekana mtu akicheka, mzizi hakuugusa, akalitazama. Kisha akasema anaingia na mtoto na mtu mzima mmoja. Nikaingia mimi, Baba akabaki kwenye viti vya nje.

Ndani, huku muuguzi wake akiandaa vifaa, akaniuliza lilitoka lini, na kama tulilitia kwenye maziwa au mtoto alilishika ndani ya shavu. Nikamwambia lilikuja kavu, kwenye kitambaa. Akalitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya dawa, akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alisema mzizi wa jino umevikwa ngozi nyembamba sana iliyo hai, na ngozi hiyo ndiyo inayolishikisha jino kwenye mfupa. Likitoka, ngozi ile huishi muda mfupi tu. Ikikauka inakufa. Kumbe dawa yake ya kwanza ni kulisuuza haraka kwa maji au maziwa bila kulisugua, na kulirudisha pale pale kwenye tundu lake, mtu akiweza. Akishindwa, basi alitie kwenye maziwa akimbie nalo. Nikamwambia kwa haya niliyoyasikia najiona mjinga. Akasema karibu kila anayepanda ngazi zile hakuwa anajua, kwa hiyo nisijisumbue, watu hawafundishwi.

Halafu akauliza, bila kupandisha sauti, ni nani aliyelisafisha. Mimi sikujua, nilikuwa barabarani. Chiriku hakuweza kusema kwa lile taulo, lakini alinyanyua mkono akajionyesha kifuani mwake. Daktari alimtazama kidogo, akatikisa kichwa polepole, akaendelea na kazi yake.

Na kazi yenyewe, kaka, laiti ungeiona. Mimi nimezaliwa katika watu wa mikono, najua mkono unaojua kazi nikiuona. Kila alichotaka kufanya alimwambia mtoto kwanza. Alimwambia sasa nachoma ganzi, utasikia kama unabanwa, hesabu vidole vyako vya miguu. Sasa naosha tundu kwa maji ya chumvi. Sasa jino linarudi nyumbani. Akalirudisha kwa kidole. Si koleo, si nyundo, kidole gumba na cha shahada, akilisukuma kidogo kidogo kama mtu anayerudisha droo iliyotoka kwenye reli, mpaka likakaa. Nilishika mkono wa mtoto nikitegemea ataubana univunje. Ulikuwa umelegea. Alikuwa anamtazama yule mama machoni na anamwamini.

Ikapigwa picha ya eksirei, akaridhika. Akachukua waya mwembamba kuliko uzi wa kushonea suruali, akaubandika kwa gundi kwenye lile jino na majirani zake. Nikamwuliza kwa nini hakazi sana, mbona jino bado linatikisika kidogo. Akasema ndivyo linavyotakiwa, jino lililofungwa sana linasahau kuwa ni jino. Kisha akageukia lile lililomeguka. Ana kijitabu cha meno ya mfano, kila moja na weupe wake. Mimi nikaona hapo ndipo kwangu, weupe ni kazi yetu, nikanyoosha kidole kwenye lile jeupe kuliko yote. Alicheka, akaniambia jino si shati. Akachagua lenye umanjano kidogo, akajenga ile pembe kwa uji mzito wa dawa, akaukausha kwa taa ya buluu, akasugua, akang'arisha. Alipomaliza nilitazama kwa haya macho yangu yanayoona doa la chai kwenye giza, nikashindwa kujua pembe ya asili iliishia wapi.

Tulipotoka Baba alisimama, kofia mkononi. Yule daktari alivua glavu, akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alimwambia anamshukuru sana mzee kwa kuleta jino, wengi huja wameliacha chini, na kama asingelileta, yeye asingekuwa na la kufanya ila kumtibu mtoto lile tundu. Kaka, Baba alirefuka. Unajua jinsi alivyokuwa tangu tulipomnyang'anya pasi, baada ya lile joho la wakili kuungua. Tulikuwa na haki, macho hayaoni vizuri tena, lakini tangu siku ile alikuwa anakaa humu ndani kama mgeni aliyechelewa kuondoka, anahesabu vibanio. Siku ile alishuka ngazi za duka la rangi akitangulia mbele yetu.

Zikafuata siku za uji na supu. Mtoto alipigwa marufuku kuuma kitu chochote kigumu, na tarumbeta ikapandishwa juu ya kabati. Nilisubiri alie. Siku ya kufunga shule alipiga mtoto mwingine, na mwanao alisimama pembeni amemshikia karatasi za muziki, akimtikisia kichwa ili ajue wakati wa kuingia. Mimi ndiye niliyelia. Tulirudi kwa daktari mara kadhaa. Waya ukatolewa. Akatoboa tundu dogo nyuma ya jino, akautoa mshipa wa ndani ambao alisema ukishakatika haufufuki, akasafisha, akajaza dawa. Kila mara Chiriku alikaa kwenye kile kiti kama amelipwa kukaa. Alipiga mswaki kwa brashi laini kila baada ya chakula bila kukumbushwa, akasukutua, akanikumbusha mimi nimpe dawa. Kuhusu mtoto wako huyu nasema kwa moyo wangu wote, kaka, una mtu hapa. Mimi kwa umri wake ningeangusha nyumba kwa kelele.

Sasa nafika kwenye lile nililoogopa kulisema kwenye simu.

Tulipokwenda mara ya mwisho, jino lilikuwa limekaa imara, imara kuliko nilivyotarajia, nami nikaingia mle ndani nimejaa furaha. Daktari alichukua kile kioo chake chenye mpini, akagonga kwa mpini jino la jirani, kidogo tu. Likalia mlio mzito, wa kawaida. Akagonga letu. Likalia kwa juu, kama ukigonga kikombe cha udongo kwa kijiko. Akarudia. Akaniita niinamishe sikio nami nisikie. Kisha akamwambia Chiriku aende kwa muuguzi akachague mswaki mpya wa rangi anayoipenda, na mtoto akatoka.

Akaniambia kwamba jino limegandana na mfupa. Ile ngozi hai ya mzizi haikuwepo tena siku tulipolileta, na bila hiyo mwili hauwezi kutofautisha mzizi na mfupa. Kwa hiyo utaula, polepole, na kuweka mfupa mahali pake. Hakuna dawa ya kuuzuia. Jino litakaa miaka kadhaa. Taya la mtoto likikua, lile halitashuka pamoja na wenzake, litaonekana fupi, na siku itafika ambapo itabidi yeye daktari akate ile sehemu inayoonekana, auache mzizi umalizikie ndani. Akishakuwa mtu mzima ndipo atawekewa jino la bandia la kudumu. Nikakaa kwenye kile kiti cha mtoto. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, tukawa urefu mmoja, akasema nimsikilize mpaka mwisho. Miaka hiyo si bure. Mfupa wa taya hautasinyaa, mtoto atapita ujana wake akicheka bila pengo, na tarumbeta apige, hata kuanzia kesho. Alisema jino lile limeokolewa, ila limeokolewa kwa muda, na muda huo ndio ambao Chiriku anauhitaji kuliko mwingine wote.

Nikauliza kwa nini ngozi ile haikuwepo. Akasema lilikauka, na kabla ya kukauka lilisuguliwa.

Kaka, nilimsema mtoto njia nzima. Nilimwambia maneno ya moto. Nilimwambia kila kitu anajifanya anajua, mbona hakusubiri mtu mzima, nani alimtuma kusugua jino kama sufuria, sasa aone mwenyewe. Alikuwa anatembea kando yangu na mswaki wake wa kijani, anatazama viatu vyake. Hakujitetea. Na mimi, kwa ule ukimya wake, nikaona ndiyo amekubali kosa, nikamwongezea.

Tulipofika, Baba alikuwa mezani mbele na mteja aliyefuata mashati yake. Alikuwa anamsimulia habari za jino. Anamsimulia kila mteja, mimi nilishazoea, huwa napita tu. Siku hiyo nilisimama kwa sababu nilikuwa natafuta ufunguo mkobani. Nikamsikia anaeleza jinsi alivyolipata kwenye mfereji, jeusi tii kwa tope. Alisema hangeweza kumpelekea daktari kitu kichafu namna ile, ingekuwa aibu kwa nyumba ya dobi. Akatia sabuni ya unga, akachukua brashi ya kola, akalisugua lote. Kwenye mzizi kulikuwa na utandu fulani wa rangi ya waridi uliogoma kutoka, akausugua mpaka ukatoka wote. Akamalizia na tone la dawa ya madoa, akasuuza, akalipangusa likauka, akalifunga kwenye hanchifu aliyoipiga pasi mwenyewe. Alisema ndiyo maana daktari alimshukuru kwa mikono miwili. Yule mteja akasema kweli mzee ulifanya kazi.

Niligeuka nikamtazama Chiriku. Alikuwa nyuma yangu, ameweka kidole kwenye midomo.

Nilimvuta mpaka chumba cha pasi, nikafunga mlango. Aliniambia yote kwa kunong'ona. Alikuwa kwenye kigoda, alimwona babu yake akisugua, naye hakujua kama kuna ubaya. Alijua pale kwenye kiti cha daktari, nilipokuwa naelezwa habari za ile ngozi. Alisema alilisikia neno kusugua na hapo hapo akamwona babu yake kichwani mwake, na brashi yake. Ndipo daktari alipouliza ni nani. Alisema Babu akijua hatagusa tena kitu chochote humu ndani, hata vibanio. Nikamwambia lakini hukuwa na sababu ya kubeba lawama isiyokuwa yako. Akanijibu kwamba jino ni lake, na yeye ndiye mwenye kuamua nani alilifua.

Nilimwomba msamaha, kaka. Nilimwomba mtoto mdogo msamaha nikiwa nimekaa juu ya mashuka ya watu. Akanisamehe upesi, halafu akaniuliza kama ni kweli anaweza kupiga tarumbeta kesho.

Moyo wangu haukutulia mpaka niliporudi kule ghorofani peke yangu, kumwambia daktari kwamba mtoto amesingiziwa na nafsi yake mwenyewe. Yule mama alitabasamu. Alisema alijua tangu siku ya kwanza. Hanchifu ilikuwa inanuka dawa ya madoa na ina mikunjo ya pasi, na mtoto alikuwa na damu mpaka viwikoni, kwenye kitambaa hakukuwa na tone. Nikamwuliza kwa nini basi alimshukuru Baba vile. Akasema hakumshukuru kwa heshima tu, alisema kweli tupu. Kila mtu mwingine katika ua ule alikuwa ameliacha jino kwenye tope, mimi nikiwemo. Lisingeletwa, lisingekuwepo hata la kuharibika. Yako mambo mawili ya kweli kuhusu mzee yule, alisema, na yeye kama daktari alichagua lipi lina faida kumwambia. Nilishuka ngazi zile nikimheshimu yule mwanamke kuliko ninavyoweza kukuandikia hapa.

Sasa wewe unakuja. Utakwenda kwake, utaambiwa mzizi ulisuguliwa, na damu itakupanda. Una haki. Mimi mwenyewe nimelia juu ya meza ya pasi mpaka nikalazimika kufua upya foronya. Ni mtoto wako, ni uso wake, na lile jino lingeweza kukaa maisha yake yote. Siwezi kukwambia usiumie. Ninachokuomba ni kimoja. Umia huku kwangu, niandikie mimi, nitukane mimi niliyekwenda barabarani nikawaacha. Lakini pale mlangoni Baba atakupokea hata mkoba hujatua, atamwita mjukuu wake afungue mdomo, na atakuonyesha kwa kidole. Chiriku atakuwa anakutazama wewe, si babu yake. Tangu aliposikia unakuja hanisemeshi jambo lingine, ananiuliza tu kama baba yake anajua kunyamaza. Nimemwambia anajua. Nimekubebea dhamana, kaka, usiniangushe.

Mshukuru Baba. Mshike mkono kwa mikono miwili.

Fundi cherehani anakusalimu, anasema ile suruali yako aliyoipunguza bado iko kwake na anaanza kuivaa. Msalimie sana wifi yangu, mwambie asome barua hii baada yako, wala asilie, mtoto anacheka vizuri na anakula kwa meno yote. Chiriku anawasalimu wote wawili. Hivi ninavyoandika yuko uani anapiga tarumbeta, na kwa kweli anapiga vibaya, ameisahau, majirani wamefunga madirisha. Sisi hatujafunga.

Baba naye anakusalimu sana. Amepita hapa sasa hivi akaniuliza ninaandika nini kirefu namna hii. Nimemwambia nakueleza habari za jino. Akasema vizuri, ila nisisahau kukuandikia kwamba aliyelifua ni yeye.

Nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Shangazi wa Chiriku